"Rangi ni Ileile": Kuhamisha Rangi za Chapa Kati ya Mitambo na Karatasi Tofauti, kwa Mfano wa Kadi ya Kliniki ya Mtoto

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina neno moja, rangi, kwa mambo mawili ambayo mpigachapa hana budi kuyatenganisha. Rangi ni kile ambacho jicho hukiona juu ya jani, nguo au karatasi. Rangi pia ni mali iliyomo koponi, ile inayopakwa ukutani au kutiwa mtamboni. Neno hili lenye asili ya Kiajemi huzibeba maana zote mbili bila kumsumbua msemaji, kwani katika shughuli za kila siku anayenunua kopo la rangi ya bluu hutarajia ukuta wa bluu, naye huupata. Katika uchapaji uhusiano huo hukatika. Wino uleule, ukipigwa kwa kiasi kilekile juu ya karatasi mbili zisizofanana, hutoa rangi mbili.

Mwandishi wa makala hii alilitambua jambo hilo kwa hasara. Kijitabu kimoja cha mazoezi ya lugha kilipigwa chapa mara mbili, kila mara katika kiwanda tofauti, kwa kutumia faili lilelile. Toleo la kwanza lilikuwa na jalada la kijani kibichi kilichokolea vizuri juu ya karatasi ya kung'aa. La pili lilipigwa juu ya manila, na kijani chake kikatoka kimepauka, kikikaribia rangi ya majivu. Malalamiko yalipofikishwa kiwandani, fundi alijibu kwa utulivu: "Mwalimu, rangi ni ileile. Hatukugusa kitu." Naye alisema kweli. Kwa fundi, rangi ilikuwa wino pamoja na namba zilizomo katika faili, na hivyo havikuguswa. Kwa mlalamikaji, rangi ilikuwa kile alichokiona. Mabishano yale yalichukua karibu saa nzima, na pande zote mbili zilikuwa zikitumia Kiswahili kisicho na kosa.

Jalada la kijitabu ni jambo dogo. Katika kurasa zifuatazo tutaeleza jinsi rangi za chapa zinavyohamishwa kutoka mtambo na karatasi moja hadi nyingine, kwa kutumia mfano ambao rangi zake hazikuwekwa kwa ajili ya pambo, bali zinasomwa kama maandishi.

2.0 Kadi yenye kanda tatu

Somanda ni sehemu ya mji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi ilihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga. Si mahali ambapo mtu angekwenda kutafuta mifano ya uchapaji, kwa kuwa mitambo mikubwa ya ofseti iko katika miji ya mbali kama Dar es Salaam na Mwanza. Hiyo hasa ndiyo sababu ya kupachagua. Chapa ya rangi inayosomwa mahali kama Somanda hufika ikiwa imekwisha kuhama mara kadhaa: kutoka kioo cha kompyuta ya msanifu hadi pleti za mtambo, kutoka karatasi ya sampuli hadi karatasi iliyopatikana katika zabuni, na mara nyingine hadi mashine ya kutolea kopi katika duka la steshenari.

Miongoni mwa chapa hizo ni kadi ya kliniki ya mtoto. Katika Mpango wa Lishe wa Iringa, ulioanza mwaka 1983 kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, Shirika la Afya Duniani na UNICEF kwa fedha za Italia, chati ya uzito iligawanywa katika kanda tatu. Mtoto ambaye uzito wake haukupungua asilimia 80 ya kipimo cha umri wake alikuwa katika kijani. Kati ya asilimia 60 na 80 aliingia katika kijivu, na chini ya asilimia 60 alikuwa katika nyekundu. Utaratibu huo wa rangi tatu ulienea nchini na ukajenga lugha yake: mtoto "yuko kwenye kijani" au "ameshuka kwenye kijivu". Viwango vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 vilileta namna nyingine ya kuchora mistari ya chati, lakini usomaji wa afya kwa rangi haukutoweka. Utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa mtoto mwenye umri wa miezi 6 hadi 59 una nyekundu chini ya sentimita 11.5, njano kutoka hapo hadi 12.5, na kijani kuanzia 12.5.

Tofauti kati ya zana hizi mbili ni ya kuangaliwa kwa makini. Katika utepe, ukanda wa hatari ya kati ni wa njano, rangi iliyo mbali na jirani zake wote wawili. Katika kadi, ukanda huo ni wa kijivu, nacho kijivu hakina rangi ya kwake: ni giza na mwanga tu. Kijani chochote kinachopoteza ukolevu wake kinakwenda upande wa kijivu. Kwa hiyo mtambo ukikosea, utepe huharibika sura tu. Kadi inaweza kuharibika maana. Mama anayesoma kwa rangi kuliko kwa tarakimu ndiye atakayeubeba mzigo wa kosa hilo, ingawa hakuwamo kiwandani.

3.0 Namba si rangi

Mtambo wa ofseti wa kawaida hutumia wino wa aina nne: siani, majenta, manjano na nyeusi. Hauwezi kupiga wino mwepesi hapa na mzito pale. Unachoweza ni kupiga nukta ndogo au kubwa, na jicho, kwa umbali wa kawaida wa kusomea, huzichanganya nukta hizo na weupe wa karatasi. Kijani cha kadi huandikwa katika faili kwa asilimia nne, tuseme siani 80, majenta 0, manjano 100, nyeusi 0. Ni desturi kuziita namba hizo "rangi", lakini kwa hakika ni amri. Zinamwambia mtambo afunike asilimia ngapi ya karatasi kwa wino upi. Hazisemi wino wenyewe ni mzito kiasi gani, wala karatasi ni nyeupe kiasi gani, wala nukta itavimba kiasi gani ikikandamizwa.

Kuvimba huko ndiko tunakopendekeza kukuita mpanuko wa nukta. Wino ni kimiminika. Ukibanwa kati ya mpira wa mtambo na karatasi husambaa kidogo, na juu ya hayo mwanga unaoingia kwenye karatasi hutokea chini ya kingo za nukta ukiwa umetiwa kivuli. Sehemu iliyotakiwa kuwa asilimia 50 huonekana kama asilimia 64 hivi juu ya karatasi iliyopakwa ya kung'aa, na hukaribia 70 juu ya karatasi isiyopakwa. Katika karatasi ya magazeti mpanuko uliokubalika kimataifa kwa sehemu za katikati ni asilimia 26. Mpigachapa wa gazeti asiyelijua hilo hupata picha za watu wenye nyuso za masizi, kisha humlaumu mpigapicha.

Ili kuizungumzia rangi yenyewe tunahitaji kipimo kisichotegemea mtambo wowote. Msingi wake uliwekwa na Tume ya Kimataifa ya Mwanga mwaka 1931, kwa kupima jinsi jicho la kawaida linavyoitika kwa mwanga. Mwaka 1976 tume hiyo ilitoa mfumo wa namba tatu unaotumika sana viwandani hadi leo: L kwa wangavu, kutoka 0 ya giza hadi 100 ya weupe, a kwa upande wa kijani au wekundu, b kwa upande wa bluu au manjano. Umbali kati ya vituo viwili katika mfumo huo hukadiria tofauti inayoonekana na jicho.

4.0 Karatasi kama wino wa tano

Kiwango cha kimataifa cha uchapaji wa ofseti, ISO 12647-2, kilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1996 na kurekebishwa mwaka 2004 na 2013. Katika toleo la 2004 siani kamili juu ya karatasi iliyopakwa ina L 55, a -37, b -50. Siani hiyohiyo juu ya karatasi isiyopakwa ina L 60, a -26, b -44. Umbali kati ya hizo mbili ni takriban 13.5, ilhali mpigachapa anayefuata kiwango haruhusiwi kukosea zaidi ya 5 kwa wino uliopigwa kamili. Yaani karatasi peke yake, bila kosa la mtu yeyote, huihamisha rangi zaidi ya mara mbili ya kiasi ambacho fundi angelaumiwa.

Manjano hupungua ukolevu kutoka 93 hadi kama 78. Wino mweusi ndio unaoshangaza zaidi: L yake ni 16 juu ya karatasi iliyopakwa na 31 juu ya isiyopakwa. Hicho tunachokiita cheusi katika karatasi ya daftari ni kijivu kizito. Sababu si siri. Karatasi iliyopakwa ina tabaka la madini linaloushikilia wino juu, nao ukabaki kama kioo laini. Karatasi isiyopakwa, na manila iwemo, huunyonya wino kati ya nyuzi zake, na uso wake mkwaruzo hutawanya mwanga mweupe kila upande. Mwanga huo mweupe ndio unaoipausha rangi.

Kijani cha kadi hutokana na siani na manjano. Ikiwa vyote viwili vimepungua ukolevu, mtoto wao hawezi kuwazidi. Hapa kuna makosa mawili yasiyolingana, na wanafunzi wetu huyachanganya. Mpanuko wa nukta unaweza kusahihishwa kwa namba: punguza asilimia katika faili, nukta ikivimba itafika palepale ilipotakiwa. Lakini ukolevu uliopotea ndani ya karatasi hauwezi kurudishwa kwa namba yoyote, kwa sababu wino kamili haupiti asilimia 100. Mkusanyiko wa rangi zote ambazo mtambo fulani na karatasi fulani vinaweza kuzitoa una mipaka, nasi tutauita uwanja wa rangi. Kijani cha karatasi ya kung'aa kiko nje ya uwanja wa manila.

Kuna pia suala la mwanga. Viwandani chapa hukaguliwa chini ya taa maalumu inayokadiriwa kwa Kelvin 5000. Kliniki za mkoba hufanyika kwingi chini ya mti au barazani, na ofisi nyingine zina taa za mirija. Karatasi nyingi za leo zimetiwa ving'arishi vinavyogeuza miale isiyoonekana ya jua kuwa mwanga wa kibluu, hivyo kadi moja huonekana nyeupe zaidi juani kuliko ndani. Toleo la 2013 la kiwango kilichotajwa lilizingatia jambo hilo katika vipimo vyake.

5.0 Uhamishaji wenyewe

Mwaka 1993 kampuni nane za kompyuta na picha ziliunda jumuiya ya kimataifa ya rangi, inayojulikana kwa herufi ICC, ili kila chombo kiweze kuelezwa kwa jedwali moja linaloeleweka na programu zote. Jedwali hilo tunaliita wasifu wa rangi. Hutengenezwa kwa kupiga chapa vipande vingi vya rangi kwa asilimia zinazojulikana, kuvipima, na kuandika: amri hii, juu ya mtambo huu na karatasi hii, hutoa rangi hii. Si lazima kila kiwanda kianze mwanzo. Taasisi ya Fogra ya Ujerumani imetoa seti za vipimo zinazotumiwa sana, kama FOGRA39 kwa karatasi iliyopakwa na FOGRA47 kwa isiyopakwa kwa kufuata kiwango cha 2004, na FOGRA51 na FOGRA52 kwa kile cha 2013.

Kuhamisha basi ni safari ya hatua mbili. Kwanza, asilimia za faili husomwa kwa wasifu wa mtambo wa kwanza ili kujua ni rangi gani ilikusudiwa. Pili, wasifu wa mtambo wa pili huulizwa kinyume: ili jicho lione rangi hiyo hapa, niamuru asilimia ngapi? Faili lisilosema ni la wasifu upi halina hatua ya kwanza. Kijitabu kilichotajwa katika utangulizi kilikuwa hivyo, na kwa hiyo kiwanda cha pili kilizitii amri zilizoandikiwa kiwanda cha kwanza.

Rangi iliyo nje ya uwanja wa pili hudai uamuzi, na mfumo wa ICC unatoa njia nne. Moja huubana uwanja wote ili uhusiano kati ya rangi ubaki, hufaa picha. Nyingine huzihifadhi kama zilivyo rangi zinazowezekana na kuzivuta mpakani zile zisizowezekana, ikiuhesabu weupe wa karatasi mpya kuwa ndio weupe. Ya tatu hufanya vivyo hivyo lakini huiga hata weupe wa karatasi ya awali; hutumika zaidi katika sampuli za ukaguzi. Ya nne hutafuta ukolevu kwanza, hata kama aina ya rangi itasogea, na ilibuniwa kwa ajili ya chati.

Katika hizo nne hakuna inayojua kwamba katika kadi yetu umbali kati ya kijani na kijivu ni wa thamani kuliko usahihi wa kijani chenyewe. Hakuna muuguzi atakayelalamika kuwa kijani hiki si kile cha mwaka jana. Atalalamika asipoweza kuutambua mpaka. Kwa maoni yetu, kadi hii isihamishwe kama picha. Kwanza ijulikane uwanja wa karatasi iliyo duni kuliko zote itakayotumika, kisha rangi tatu zichaguliwe ndani ya uwanja huo kwa umbali mkubwa iwezekanavyo, na kwa wangavu tofauti: kijani chenye mwanga mwingi, kijivu cha wastani, nyekundu nzito. Mashine ya kopi ya rangi moja huacha wangavu tu. Kijani na kijivu vyenye wangavu mmoja, vikipitishwa humo, hutoka kitu kimoja, na mpaka hufutika kabisa. Tofauti ya wangavu humsaidia pia mhudumu asiyetofautisha vizuri kijani na nyekundu, kasoro inayowapata wanaume zaidi kuliko wanawake.

6.0 Kijivu

Kijivu kinastahili sehemu yake. Kinaweza kutengenezwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni wino mweusi peke yake, tuseme asilimia 40. Njia ya pili ni siani, majenta na manjano kwa pamoja; kwa karatasi iliyopakwa mizania yake ya kawaida ni karibu 50, 40 na 40, siani ikizidi kwa kuwa wino wa siani si safi kama nadharia inavyotaka. Mizania hiyo ni ya karatasi hiyo. Ukiihamisha kwa kuzinakili namba, kijivu huelekea uwekundu au ukijani. Hata katika mtambo uleule, siani ikiongezeka kidogo kati ya karatasi ya elfu moja na ya elfu tano, kijivu cha wino tatu hugeuka kuwa cha kijani. Ukanda wa tahadhari unaanza kufanana na ukanda wa usalama, na mashine haijafanya kosa ambalo fundi angelitambua kwa kutazama mara moja.

Kijivu cha wino mweusi pekee hakiwezi kugeuka namna hiyo. Huzidi au hupungua giza tu. Msanifu mwangalifu hukichagua hicho. Kisha programu humharibia kazi. Katika hatua ya kwanza ya uhamishaji, "nyeusi 40" hubadilishwa kuwa kipimo cha jicho, na kipimo hakikumbuki kilitokana na wino upi. Katika hatua ya pili wasifu mpya hukijenga upya kwa wino wote wanne. Maandishi meusi hupatwa na balaa hilohilo: herufi ndogo iliyokuwa ya pleti moja sasa ina pleti nne, na karatasi ikisogea kwa unywele tu, kila herufi huota kivuli cha rangi. Mafundi wengi wameiona kasoro hiyo katika vitabu vya shule bila kujua kwamba ilizaliwa ofisini.

Dawa yake ni wasifu wa aina nyingine, unaounganisha mitambo miwili moja kwa moja bila kupitia kipimo cha jicho, na ambao unaweza kuagizwa kwamba wino mweusi pekee ubaki mweusi pekee. Tunapendekeza uitwe wasifu-kiungo. Pasipokuwa na zana hiyo, maandishi na kijivu viachwe nje ya uhamishaji, na asilimia ya nyeusi irekebishwe kwa mkono kulingana na mpanuko wa nukta.

7.0 Istilahi

Mafundi husema "kubadili rangi" kwa kazi yote tuliyoieleza. Usemi huo unapingana na kusudi lake, maana tunabadili namba ili rangi isibadilike. Kuhamisha kunafaa zaidi: aliyehama Bariadi akaenda kuishi Katavi ana nyumba nyingine na jirani wengine, lakini hutarajiwa kubaki yeye. Kwa mantiki hiyo hiyo, neno rangi libakie kwa kinachoonekana, kilicho koponi kiitwe wino, na zile asilimia nne ziitwe viwango vya wino. Hatutarajii fundi aache kusema rangi kwa maana zote mbili dukani au nyumbani. Tunachotaka ni kwamba hati ya zabuni ya kupiga chapa isiseme "rangi ya kijani" ikanyamaza.

Kwa ukolevu, Kiswahili hakihitaji kukopa. Rangi hukolea kama chumvi inavyokolea katika mchuzi. Hupauka kwa jua. Huchujuka kwa maji. Vitenzi hivi vitatu hutenganisha sababu ambazo lugha nyingine huzieleza kwa virai. Aidha, tuna viigizi vya kutia nguvu: nyeupe pe, nyeusi tii, nyekundu pyu. Itaonekana kuwa vimeshikamana na vivumishi vitatu asilia vya rangi, vile vinavyokubali viambishi vya ngeli. Kijani, kilichotokana na jani, kina msaada wa -bichi tu. Kijivu, kilichotokana na majivu, hakina kitu, na hakiwezi kuwa nacho, kwa sababu kijivu kilichokolea ni msemo usio na maana: kadiri kitu kinavyokolea ndivyo kinavyoacha kuwa kijivu. Walioiandika kadi ya kwanza waliuita ukanda wa kati kwa jina la kitu kilichobaki baada ya moto kuzimika. Mpigachapa anayetaka kuulinda ukanda huo hana njia ya kuukoleza. Kazi yake ni kukilinda kijani kilichoupakana, na kuandika neno "kijivu" ndani ya ukanda kwa wino mweusi wa pleti moja.